Hina Imegoma Kutoka Kichwani: Tafuta Chanzo Kabla ya Dawa

Uliza Mombasa namna ya kutoa hina kichwani na utapewa dawa chungu nzima kabla hujamaliza swali: ndimu, siki, magadi, mtindi, sabuni ya kufulia, hata mafuta ya taa. Kila dawa ina mtu wa kuiapia. Shida ni kwamba wanaoapa hawakupaka kitu kimoja. Huyu alipaka majani ya mhina yaliyotwangwa, yule hina iliyotiwa nili, mwingine piko, na mwingine unga wa pakiti ambao hata aliyemuuzia hajui ndani mna nini. Wote hao ukiwauliza watasema walipaka hina. Dawa iliyomfaa mmoja yaweza kumnyoa mwenzake, na nywele nyingi zinazokatika baada ya hina hazikatwi na hina yenyewe. Zinakatwa na pupa ya kuitoa.

Basi tuanze kwa kujua kilichoko kichwani, halafu twende tatizo moja moja. Usiiruke sehemu hii ya kwanza hata kama unaona tatizo lako liko chini zaidi, maana majibu yote ya chini yanaitegemea.

Ulipaka nini hasa?

Hina tupu ni majani ya mhina, basi. Unga wake ni wa kijani, ukiwa wa zamani unaelekea kahawia, na unanukia majani makavu. Ukiukoroga, rangi haitoki papo hapo. Kwa joto letu inataka saa 2 hadi 4 ndipo itoke, kisha kichwani ikae saa kadhaa tena. Rangi yenyewe inaitwa lawsoni, nayo ni nyekundu yenye uchungwa. Shika jambo hili: hina tupu haiwezi kupausha nywele nyeusi, wala haiwezi kuzifanya ziwe nyeusi ti. Kwenye nywele nyeusi inaacha wekundu unaoonekana ukisimama juani. Kwenye mvi inatoka chungwa la kuwaka. Kwa hiyo ikiwa hiyo uliyoiita hina ilizififisha nywele zako nyeusi zikawa kahawia, ndani mlikuwa na kemikali ya kupausha. Na ikiwa ilikupa weusi wa kung'aa kwa nusu saa, haikuwa hina.

Weusi unatoka kwenye vitu viwili. Kimoja ni nili, ambayo pia ni majani yaliyosagwa, unga wa kijani wenye harufu ya mboga mbichi. Nili hupakwa juu ya hina au pamoja nayo, na mara nyingi huuzwa kwa jina la hina nyeusi. Kitu cha pili ni piko. Hii ni rangi ya kiwandani yenye kemikali ya PPD, ile ile iliyomo katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Nayo pia utasikia ikiitwa hina nyeusi, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Kuna kundi la mwisho, na ndilo linalowatesa wasusi: pakiti za hina ya rangi, nyekundu iliyoiva, zambarau, kahawia, zilizotiwa chumvi za metali kama risasi, shaba au fedha. Mhina mmoja hautoi rangi zote hizo. Ukiona pakiti inaahidi rangi sita kutoka mmea ule ule, jua kuna kilichoongezwa.

Kama pakiti bado iko kwenye pipa la taka, itoe uisome. Tafuta maneno p-Phenylenediamine, PPD, au jina lolote lenye "diamine". Kama uliinunua ya kupimiwa kwa kijiko pale Marikiti, rudi umuulize muuzaji kama ana ile ile, ununue kidogo uiangalie rangi na kuinusa. Koroga kiasi cha punje ya choroko kwa maji, weka kwenye karatasi nyeupe. Doa la chungwa linalokolea polepole ni la hina. Doa linaloingia weusi upesi ni la rangi ya kiwandani. Usilijaribie mkononi.

Halafu kuna jaribio la nywele zenyewe, ambalo mtu yeyote anayefikiria blichi au dawa ya kulainisha baada ya hina alifanye kwanza. Kusanya nywele zilizobaki kwenye kitana, au kata kishungi chembamba kisogoni pasipoonekana. Kwenye kibakuli cha kioo, si cha chuma, tia mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6, ile ambayo saluni huita volyumu 20, na matone 20 ya amonia ya asilimia 28. Vaa glovu, kaa karibu na dirisha. Tumbukiza nywele, usubiri dakika 30. Zisipobadilika, au zikififia kidogo taratibu, hapana dalili ya metali ya hatari, ingawa chumvi za fedha zaweza kujificha kwa kutobadilika vile vile. Zikififia mara moja, shuku risasi. Kibakuli kikipata moto, maji yakitoa mapovu na harufu kali, nywele zikavutika na kukatika, hiyo ni shaba. Ukiona dalili hizo mbili za mwisho, sahau blichi na dawa ya kulainisha mpaka nywele hizo zikatwe zote.

Ni hina tupu, imekolea mno, na umeipaka juzi

Hapa una bahati, maana siku za mwanzo ndizo pekee ambazo hina husikia. Lawsoni hujishika na keratini, yaani protini iliyounda unywele, na baada ya hapo huendelea kukolea kwa siku 2 au 3 ikikutana na hewa. Ndiyo sababu mtu hutoka bafuni akiwa na chungwa la kutisha, siku ya tatu likawa hudhurungi ya kupendeza. Kama lililokutisha ni uchungwa wa siku ya kwanza, subiri kwanza. Wengi hukimbilia kuitoa kumbe siku ya tatu wangeipenda.

Kama tatizo ni kukolea, anza leo. Chukua mafuta ya nazi, ya kupikwa nyumbani au ya dukani, yote sawa, uyapashe yawe vuguvugu ya kustahimilika kwenye mkono. Nywele ziwe kavu. Zigawe mafungu manne, upake fungu moja moja kuanzia sehemu iliyokolea zaidi, ukiubana unywele katikati ya vidole mpaka ulowe. Kuyamimina utosini tu hakusaidii. Funga kofia ya kuogea, juu yake leso ya zamani, ulale nayo. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele kuliko mafuta mengi mengine, na huchukua sehemu ya rangi ambayo bado haijashika sawasawa. Asubuhi utaiona kwenye leso: alama ya chungwa pale shingo ilipolala. Hiyo ndiyo rangi iliyokubali kutoka.

Kuosha nako kuna mtindo wake. Usianze na maji. Paka shampuu moja kwa moja juu ya mafuta, sugua mpaka itoe utelezi mweupe, ndipo utie maji kidogo kidogo. Ukitanguliza maji, mafuta yanabaki na utaosha mara nne bila sababu. Tumia shampuu ya kuosha kwa nguvu, au ile ya kutibu mba, kwa sababu hizo za mba huchujua rangi haraka kuliko za kawaida. Osha mara mbili, kisha kondishna nzito. Rudia baada ya siku 3, halafu mara moja kwa wiki.

Matarajio yawe ya kweli: rangi itapungua ukali, haitaondoka. Mwanafunzi aliyepaka hina ya Idd na shule inafunguliwa Jumatatu anaweza kuifikisha mahali ambapo mwalimu haioni ila juani. Kwa nywele nyeusi hilo linatosha kabisa. Kwa mwenye mvi nyingi halitoshi, na tutamfikia.

Umepaka mafuta mwezi mzima na rangi ni ile ile

Hiyo imeshika, nayo haitoki tena kwa kuoshwa. Chanzo cha kawaida ni kupaka juu ya kupaka. Hina ya harusi ya dada, hina ya Idd, hina ya maulidi, na kila mara inapakwa kuanzia mzizi hadi ncha. Mizizi ina tabaka moja, ncha zina tabaka la miaka mitatu. Ukizitazama utaona shina lina wekundu mwepesi na ncha zimeingia rangi ya damu ya mzee. Tangu leo, ukipaka paka mizizi peke yake, ncha uziache.

Sasa hizo dawa za mtaani. Ndimu ina asidi kali, na watu huipaka wakakaa juani. Inapausha kidogo kweli, lakini inaukausha unywele ukawa kama ufagio wa makuti, na jua letu la kaskazi linamalizia kazi. Magadi ni kinyume chake: yanafumua magamba ya unywele, yanaufanya mkavu na wenye kushikana, na mara nyingi yanaifanya hina iwe nzito zaidi badala ya kuitoa. Mtindi hauna dhara, ila hauna nguvu pia. Vidonge vya vitamini C vilivyosagwa kwenye shampuu husaidia kwa rangi za dukani za muda mfupi, kwa hina ni kupoteza vidonge. Zile dawa za kuondoa rangi zisizo na blichi zilitengenezwa kwa rangi za kiwandani, kwa hina hazifanyi kitu cha maana.

Mafuta ya taa usiyaguse. Yanaunguza ngozi ya kichwa na jiko haliko mbali. Blichi ya kufulia nguo nayo si ya binadamu. Inayeyusha unywele, na ikimwagikia macho utaenda hospitali kwa jambo jingine kabisa.

Njia iliyobaki, ukiondoa mkasi, ni blichi ya saluni, kwa hina iliyofaulu jaribio la kibakuli tu. Hata hapo rangi haitarudi kuwa yako ya asili, itakuwa chungwa la shaba, na itabidi ipakwe rangi nyingine juu. Mimi simshauri mtu mwenye nywele za kipilipili au zilizokwisha kutiwa dawa ya kulainisha afanye hivyo. Gharama ni unywele wenyewe. Kuibadilisha rangi kuna faida kuliko kuitoa: nili juu ya wekundu huleta kahawia nzuri, na hiyo nitaieleza kwenye mvi.

Ukienda saluni, mwambie msusi ukweli. Mazungumzo ya kawaida ni haya:

"Mama, ulishawahi kupaka nini humu?"

"Sijapaka kitu, mwanangu."

"Hata hina?"

"Ah, hina si kitu. Hina ni sunna."

Sunna ni kweli, na kwa blichi ni kitu kikubwa. Msusi asiyejua kuna hina ya metali humo anakutia blichi kwa nia njema, na dakika kumi baadaye karatasi ya foili inaunguza mkono. Taja kila ulichopaka, na lini, hata kama ni mwaka juzi, maana unywele wa mwaka juzi bado unaning'inia mgongoni.

Mvi zimekuwa za machungwa

Hina ilifanya kazi yake. Mvi haina weusi wa kuificha, kwa hiyo unaona rangi halisi ya lawsoni. Wazee wa Mji wa Kale wenye ndevu za hina wanaitaka hivyo hivyo na inawapendeza. Mama mwenye miaka 50 ambaye panja zake zimewaka huku utosi ni mweusi hataki.

Dawa ni nili juu ya hina. Hakikisha hina imeoshwa yote. Koroga unga wa nili kwa maji ya uvuguvugu peke yake, na chumvi kidogo sana. Usitie ndimu, asidi inaiharibu nili. Acha dakika 10 hadi 15, uitumie mara moja, kwa sababu nili haikai kama hina, nguvu zake zinapotea upesi. Paka kwenye panja na popote palipowaka. Saa 1 inatoa kahawia, kuzidi saa 2 inaelekea weusi. Osha kwa maji bila shampuu. Siku ya kwanza itakuwa na ukijani unaoweza kukuogopesha. Iache, inageuka ikipata hewa, na rangi yake ya kweli utaiona baada ya siku 2. Jaribu kwanza kwenye kishungi kimoja nyuma ya sikio.

Lakini ujue unachokifanya: nili na hina pamoja ni ngumu kutoa kuliko hina peke yake. Ukishaingia njia hiyo, blichi si yako tena. Sababu iko hapa chini.

Ulitia blichi zikageuka kijani

Blichi iliondoa sehemu ya wekundu wa hina ikaiacha nili, na nili iliyobaki juu ya umanjano wa unywele uliopauka ndiyo kijani unachokiona. Kutia blichi tena kunaongeza kijani na kunapunguza nywele. Rudisha wekundu: paka hina tupu juu ya sehemu za kijani, kwanza kwenye kishungi kimoja, saa 1 au 2, uoshe. Wekundu unaua kijani na matokeo ni kahawia. Ikiwa kijani kimetokea bila nili yoyote kwenye kumbukumbu zako, rudi kwenye jaribio la kibakuli, maana huenda ni shaba, na kwa shaba kuna shampuu za kuvuta madini zenye kemikali ya EDTA.

Kichwa kinawasha, macho yamevimba

Acha kusoma namna ya kutoa rangi. Hii si shida ya rangi.

Osha kichwa sasa hivi kwa maji mengi ya kawaida na shampuu laini, ukiinamia mbele ili maji yasipite usoni na kifuani. Usipake ndimu, siki, mafuta ya karafuu wala mwarobaini juu ya ngozi iliyochubuka. Ukivimba midomo au ulimi, au pumzi ikibana, ni dharura: Hospitali Kuu ya Pwani au kituo chochote kilicho karibu zaidi, usingoje kupambazuke. Ukipata malengelenge, maji yanayotoka utosini, au macho kufumba kwa uvimbe, muone daktari siku hiyo hiyo, na uende na pakiti.

Chanzo karibu kila mara ni PPD, na hujitokeza kwa kuchelewa, baada ya saa 24 hadi 72. Ndiyo sababu watu hawaunganishi. Wamepaka Ijumaa, Jumapili wanalaumu samaki.

Na mizizi ya tatizo hili iko nyuma sana. Jioni ya kuamkia Idd, vibaraza vya Kibokoni na Majengo vinajaa wasichana wadogo wanaonyoosha mikono. Hina inataka kukaa saa nyingi, mtoto hatulii, mama ana biryani jikoni. Piko inashika kwa muda mfupi na ua linatoka jeusi, limechongoka kama wino. Mtoto anafurahi. Huenda mkono usimwashe hata kidogo mwaka huo. Lakini mwili wake unaweza kuwa umeshaijua PPD na kuichukia, na chuki hiyo haiishi. Miaka kumi na tano baadaye, akiwa bibi harusi au akiwa na mvi za kwanza, anapaka rangi ya nywele ya dukani na uso mzima unavimba. Rangi ya nywele inawekewa kikomo cha PPD na maelekezo ya kutoigusisha ngozi. Piko inapakwa juu ya ngozi makusudi, na nguvu yake hakuna aliyeipima. Nawaomba mama zangu na dada zangu: mikono ya watoto iwe ya hina nyekundu. Ua la chungwa kwenye kiganja cha mtoto ni zuri vya kutosha.

Ukishawahi kuvimba kwa piko, iwe mkononi au kichwani, rangi za nywele zenye PPD ni haramu kwako maisha yote, na pakiti iliyoandikwa "bila amonia" bado inaweza kuwa na PPD ndani. Mwambie pia daktari na daktari wa meno, kwa sababu baadhi ya dawa za ganzi na za salfa zinaweza kuamsha mzio ule ule. Hina tupu na nili huwa hazina tatizo hilo kwa watu wengi, ila zijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa saa 48.

Neno moja juu ya watoto wachanga. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD upo sana kwenye ukanda huu wa malaria, na kwa mtoto mwenye upungufu huo hata hina safi, ikipakwa mwilini au kichwani, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto aliyepakwa hina akawa na macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au akapauka na kulegea, apelekwe hospitali na madaktari waambiwe kuhusu hina.

Nywele ngumu, kavu, zinakatika

Hili ndilo linalowapata wengi, na lina vyanzo vingi kuliko kimoja. Jichunguze hivi.

Ukipitisha vidole mzizini ukahisi mchanga mchanga, ni unga wa hina haujatoka. Unga ukigandia unavuta maji ya unywele na unaukata ukichana. Jaza beseni maji, ukitumbukize kichwa, upepee nywele ndani ya maji kama unayefua leso ya hariri, ubadilishe maji mpaka yatulie safi. Kisha kondishna ya bei nafuu kwa wingi, si shampuu, maana utelezi wa kondishna ndio unaoondoa punje. Usichane kabla ya hapo. Na kwa anayejali udhu na josho, rangi ya hina haizuii maji, lakini unga uliogandamana unazuia, kwa hiyo kazi hii ina faida mbili.

Ukihisi nywele ni safi lakini zimekakamaa, hazikunjiki, na mawimbi yake yamelegea, hiyo ni hina yenyewe iliyojishika kwenye unywele, hasa ikiwa ulikorogea ndimu nyingi. Dawa yake ni unyevu na joto. Paka kondishna nzito au tui zito la nazi lililochujwa vizuri, funga kofia, kaa chini ya stima, ile mashine ya mvuke ya saluni, dakika 20 hadi 30. Kama huna stima, loweka taulo maji ya moto, ukamue, ufunge kichwa. Tui lisikae usiku kucha kwa joto hili, linachacha na harufu haiishi. Fanya kila wiki kwa mwezi mmoja au miwili.

Ukaukavu wa aina nyingine hautoki kwenye hina. Nyumba nyingi za Kisauni, Likoni na kwingineko zinategemea maji ya kisima, na visima vingi huku vina chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinabaki na ukungu mweupe, na hina yenyewe inapooshwa kwa maji hayo inaingia weusi usiong'aa. Mtu anasema hina imemharibu, kumbe ni kisima. Utalijua hili kwa jaribio jepesi: suuza upande mmoja wa kichwa kwa maji ya kisima, upande mwingine kwa maji ya mvua au ya chupa. Upande wa pili ukilainika, umempata mwizi. Weka kando mtungi mmoja wa maji yasiyo na chumvi kwa suuza ya mwisho peke yake, lita 3 au 4 zinatosha. Mara moja kwa wiki tia kijiko 1 au 2 vya siki kwenye lita moja ya maji, umimine kichwani baada ya shampuu, ukae dakika 2, usuuze. Siki kali bila maji usiipake. Na ukitoka kuogelea baharini, usiache chumvi ikukaukie kichwani ukiwa kwenye matatu.

Kama baada ya mafuta mengi ya kuitoa hina unaona nywele ni laini kupita kiasi, zinavutika zikilowa kama mpira kisha zinakatika, umezidisha kuosha na kulowesha, au blichi imeshaingia ndani. Hapo unyevu zaidi hausaidii. Tafuta kondishna ya protini, mara moja, kisha rudi kwenye ya kawaida baada ya wiki 2. Kata ncha zilizopasuka, kwa sababu hakuna mafuta duniani yanayounga unywele uliopasuka.

Katika kipindi hiki chote, hapana pasi ya nywele, hapana draya ya moto mkali, hapana dawa ya kulainisha. Kusuka kunafaa, lakini isiwe ile misuko ya kuvuta mpaka nyusi zinainuka. Nywele zilizodhoofika hukatikia pembeni kwenye panja kwanza, na panja hazirudi kirahisi. Kwa wanaojitanda, kitambaa cha ndani cha pamba hunywa mafuta yote ya nywele. Vaa cha satini chini yake, na usijifunge nywele zikiwa bado mbichi. Jasho, unyevu na giza vinaleta mba na harufu.

Madoa kwenye paji la uso na masikio

Mafuta ya nazi au ya mzaituni, chumvi laini kidogo, sugua polepole kwa pamba. Yaliyobaki yatatoka na ngozi kwa wiki moja au mbili. Kucha hazitoki rangi, zinakua mpaka utakapozikata zote. Mara ijayo paka mafuta mazito kuzunguka nywele kabla ya hina.

Mizizi imetoka, sasa una rangi mbili

Nywele hukua karibu sentimita 1 kwa mwezi, na kwa wengi wetu wenye nywele za kipilipili ni pungufu kidogo. Kwa hiyo mwenye nywele zinazogusa mabega anazungumzia miaka miwili na zaidi. Ukiamua kuiacha hina imalizike yenyewe, mstari kati ya rangi mbili ndio mahali dhaifu, hasa kama sehemu ya chini ilipitia blichi. Chana kuanzia ncha kwenda juu, nywele zikiwa na kondishna, kwa chanuo lenye meno mapana, na ushike kishungi juu ya ule mstari ili mvuto usifike hapo. Misuko ya mkono isiyobana, miwili mitatu mikubwa, inachanganya rangi mbili zikaonekana kama zimekusudiwa. Punguza ncha kila wiki 8 au 10, sentimita 1 au 2 kila mara, na umwambie msusi akate zile zenye rangi peke yake, kwa sababu wengi wakishika mkasi hunyoosha na zile mpya ili zilingane.